Mvua ya mawe imepita: paa limeharibika leo, au lilikuwa limeharibika kitambo?

Huku Kericho, Kenya, mvua ya mawe si habari ya kumpigia mtu simu. Takwimu inayotajwa sana kuhusu mji huu ni wastani wa siku 132 za mawe kwa mwaka, na saa nane au saa tisa mchana wingu jeusi likitokea, watu huanua nguo bila kuulizana. Upepo wenye unyevu wa Ziwa Viktoria hukutana na ule wa mashariki juu ya milima hii, hewa inasukumwa juu kwa nguvu, na matone yanagandia huko. Sisi tuko kama mita 2,000 juu ya bahari, na hewa ya kugandisha inaanzia karibu mita 4,500 hadi 5,000. Safari ya jiwe ni fupi, halipati muda wa kuyeyuka lote. Lingeelekea Mombasa, lingefika likiwa tone la maji. Miaka ya 1960 ndege zilirushwa kunyunyizia mawingu dawa ili kuokoa chai. Mawe bado yanakuja.

Kila dhoruba ikipita napigiwa simu, na simu zinafanana: "Fundi, mawe yametoboa mabati." Nikipanda, mara nyingi nakuta mawe yamebebeshwa hatia isiyo yao. Mawe yetu mengi yana kipenyo cha sentimita moja hivi, na hayo hayatoboi bati zima. Yanachofanya ni kuziba njia za maji na kufichua ubovu uliokuwepo: kutu, msumari uliolegea, mteremko mdogo. Mambo hubadilika jiwe likiwa kubwa. Ukiongeza kipenyo mara mbili, uzito unapanda mara 8, na kwa kuwa jiwe zito huanguka kwa kasi zaidi, pigo lake hukaribia mara 16. Jiwe la sentimita 2.5 hufika chini kwa mwendo unaozidi kilomita 60 kwa saa. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwenye simu huwa ni ukubwa wa mawe. Kama bado yapo uani, weka moja kando ya sarafu, ulipige picha kabla halijayeyuka.

Na usipande sasa hivi. Subiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho, kisha usubiri tena barafu iishe na bati likauke. Bati lenye barafu halina mahali pa kushika mguu. Uchunguzi mwingi ulioelezwa hapa unafanyika ukiwa chini au ndani ya dari.

Maji yaliingia mawe yakianguka, sasa yamekoma, na hakuna tundu

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote. Watu huninunulia lami ya kuziba matundu kabla sijafika.

Chanzo cha kwanza ni gata iliyoziba, ule mfereji wa maji kwenye ukingo wa paa. Mawe huteleza kwenye paa yakajikusanya kwenye gata, na huja pamoja na majani yaliyochanwa kutoka kwenye miti. Majani na barafu vikichanganyika vinashikana kama ukuta. Mvua inaendelea kunyesha nyuma ya ukuta huo, maji yanapanda hadi yanavuka ukingo wa nyuma wa gata, yanaingia juu ya ukuta wa nyumba na kushuka ndani. Dalili yake ni maji kuonekana karibu na kuta za nje, hasa pembeni, na si katikati ya chumba. Toka nje uangalie ukuta chini ya paa. Ukiona michirizi ya tope juu ya rangi, umeshapata jibu. Toa majani, mwaga ndoo ya maji upande wa juu wa gata, uone kama yanatoka yote kwenye bomba la kushukia. Yakibaki madimbwi, gata imelala mahali, na vibanio vyake vinahitaji kuinuliwa.

Nyumba za mtindo wa sasa, ambazo paa limefichwa nyuma ya ukuta mfupi, zinateseka zaidi. Gata yake iko ndani, imezingirwa, na mara nyingi ina tundu moja tu la kutolea maji. Tundu hilo likizibwa na barafu, maji yana njia moja iliyobaki, nayo ni sebuleni kwako. Kwa nyumba ya aina hii gundi ya silikoni ya kuziba nyufa haisaidii kitu. Mwambie fundi atoboe ukuta huo mfupi na kuweka bomba la dharura, juu kidogo ya kiwango cha kawaida cha maji, ili yakizidi yamwagike nje. Ni kazi ya nusu siku, na sielewi kwa nini halichorwi kwenye ramani tangu mwanzo.

Chanzo cha pili ni pale mapaa mawili yanapokutana na kutengeneza bonde. Barafu hujaa humo kuliko mahali pengine popote, kwa sababu pande zote mbili zinateremshia hapo. Bati la bonde likiwa jembamba kwa upana, maji yanapanda hadi chini ya mabati ya pembeni. Hapa uvujaji unatokea katikati ya nyumba, kwenye mstari wa mshazari. Panda ndani ya dari ukiwa na tochi, ufuate alama za maji kwenye mbao mpaka juu. Usihukumu kwa doa la dari, kwa maana maji hutembea juu ya mbao mita kadhaa kabla ya kudondoka.

Cha tatu ni mahali bati linapolalia jingine. Kwenye paa lenye mteremko wa kutosha, bati la juu kulilalia la chini kwa sentimita 15 kunatosha. Kwenye paa karibu tambarare, barafu inasimama juu ya maungio, inayeyuka polepole, na maji yanarudi nyuma kwa kunyonywa katikati ya mabati mawili. Ukichungulia utaona mstari wa kutu au vumbi lililoganda kwenye ukingo huo. Tiba ya muda ni utepe wa lami wa kuziba maungio. Tiba ya kweli ni kuongeza mteremko au kubadilisha mabati kwa marefu yasiyo na maungio, na hiyo ni kazi ya fundi, tena ya pesa.

Uzito nao usiupuuze. Tabaka la mawe la sentimita 10 lina zaidi ya kilo 50 kwa kila mita ya mraba. Ukiona barafu imejaa juu ya kibaraza au paa la tambarare na mbao zinalia, toa watu chini yake. Usipande kuikoroga.

Ndani ya dari naona vitone vya mwanga

Panda mchana, zima tochi, kaa kidogo macho yazoee giza. Kila kitone kiwekee alama ya chaki kwenye mbao iliyo karibu, halafu uangalie kimekaa wapi.

Vikiwa kwenye mstari ulionyooka juu ya mbao zilizopigiliwa mabati, ni matundu ya misumari. Msumari umechomoka kidogo, au washa ya raba, kile kiduara kinachoziba chini ya kichwa cha msumari, imekauka na kupasuka kwa jua. Mawe yanaweza kuwa yameupiga ukalegea zaidi, lakini raba haifi siku moja. Usiugonge msumari huohuo urudi ndani. Mbao yake imeshachoka kuushika. Utoe, uweke skrubu ya kuezekea iliyo nene kidogo na yenye washa mpya, ikae juu ya mgongo wa bati na si kwenye bonde lake, ambako maji hupita.

Vikiwa vimetapakaa, gusa ukingo wa tundu kwa kidole kilichovaa glavu. Ukingo wa kahawia unaomeguka kama biskuti ni kutu. Bati lilikuwa limebaki ngozi tu na jiwe likamalizia. Bonyeza sehemu za jirani kwa mpini wa bisibisi. Zikizama, hakuna kiraka kitakachoshika, badilisha bati lote. Ukingo mng'avu uliokunjika kuelekea ndani ndio jeraha la kweli la jiwe, au la tawi lililoangushwa na upepo. Angalia kama kuna tawi kabla ya kulaumu mbingu.

Tundu dogo kwenye bati zima linatengenezeka. Sugua mpaka ling'ae, futa vumbi, bandika utepe wa lami au kipande cha bati la aina ileile kinachozidi tundu kwa sentimita 5 kila upande, na ukingo wake wa juu uingie chini ya bati la juu kama unafikia. Usitumie kipande cha shaba kwenye bati la zinki, kwa maana kikilowa kinakula zinki. Saruji nayo haishiki kwenye bati linalopanuka na kusinyaa kila siku. Unavuna maji ya mvua? Ondoa bomba la kwenye tangi kabla ya kupaka lami, na maji ya mvua ya kwanza baada ya hapo yaache yamwagike.

Bati limejaa vibonyeo

Kibonyeo si lazima kiwe kimetoka mbinguni. Fundi aliyetembea katikati ya mbao badala ya juu yake huacha vibonyeo vipana, kimoja baada ya kingine, vikifuatana kama hatua, kwa sababu ni hatua. Nyundo huacha alama kandokando ya misumari. Parachichi likianguka huacha shimo moja chini ya tawi. Jiwe la mvua huacha vibonyeo vya mviringo vilivyotawanyika bila mpango, vingi kwenye upande uliokuwa unatazama upepo, na ukubwa wake unakaribiana.

Tafuta ushahidi mwingine. Mawe hayachagui bati peke yake. Angalia gata, mfuniko wa bomba la moshi, boneti ya gari lililokuwa uani, majani ya migomba. Majani yakiwa hayana hata tundu, vibonyeo vyako ni vya zamani. Mzee mmoja alinionyesha paa lake kwa uchungu sana siku moja, na chini yake palikuwa na sukumawiki imesimama wima kama imepandwa asubuhi hiyo.

Vibonyeo vidogo havionekani jua likiwa utosini. Ngoja jioni, mulika tochi kwa ubavu ili mwanga upite juu ya bati, au lalisha kipande cha chaki na ukipitishe juu yake kwa wepesi. Chaki itaruka kila palipozama.

Sasa, je, kibonyeo ni ugonjwa? Kwa bati la kawaida lisilo na rangi, hapana. Zinki hunyumbulika pamoja na chuma, maji bado yanateremka, na sura ndiyo iliyoharibika. Kwa bati la rangi, chunguza kwa makini. Futa kwa kitambaa kibichi, kisha tazama ndani ya kibonyeo kwa kioo cha kukuza au kamera ya simu. Rangi ikiwa nzima, iache. Ukiona nyufa nyembamba kama utando wa buibui, unyevu utaingia. Piga picha, rudi baada ya miezi miwili, uone kama kutu imeanza. Ikianza, safisha na upake rangi ya kuzuia kutu. Kibonyeo kilichotua juu ya mgongo wa maungio na kuyaachanisha mabati mawili usikingojee, kibane kwa skrubu mapema.

Hapa ndipo geji inapojieleza. Namba ikipanda, bati linapungua unene: geji 32 ni kama milimita 0.2, geji 30 ni kama 0.25, na 28 ni nene zaidi. Wengi hununua 32 wakidhani namba kubwa ndiyo bora. Kwa nyumba ya kuishi huku milimani mimi sipigilii 32, mwenye nyumba anisamehe.

Kama una bima ya nyumba, soma kama inataja dhoruba na mvua ya mawe, na kama inalipia uharibifu wa sura tu. Piga picha za paa zima kabla ya kiraka chochote, toa taarifa mapema, funika kwa turubai ili hasara isiongezeke, na mabati yaliyotobolewa yahifadhi mpaka mkaguzi aje. Mtu akipita mlangoni siku ya pili, hajui jina lako, na anasema paa lote libadilishwe, mwombe akuonyeshe tundu moja.

Gata imejaa changarawe za rangi

Paa lako ni la mabati yaliyopakwa chembe za changarawe. Likiwa jipya, chembe zilizobaki kiwandani humwagika miezi ya mwanzo, na hilo ni la kawaida. Likiwa la miaka, chembe nyingi baada ya dhoruba moja ni ishara. Tazama kwa darubini ukiwa chini, au kwa kamera ya simu iliyokuzwa. Madoa ya mviringo yaliyobaki uchi, chuma kikionekana, ni kazi ya mawe. Upara uliosambaa taratibu upande wa jua ni uzee wa gundi. Madoa machache hurekebishwa kwa gundi na chembe za rangi hiyo kutoka kwa muuzaji wako. Usitembee juu yake kama hujui pa kukanyaga.

Kigae kimepasuka, bati la kupitisha mwanga limefanya nyota

Ufa mpya wa kigae una kingo kali na ndani yake rangi ni safi. Ufa wenye ukuvu au vumbi ni wa zamani. Pembe iliyovunjika peke yake kwa kawaida ni mguu wa mtu. Kigae kilichopasuka hubadilishwa, hakigundishwi.

Bati la plastiki hulika na jua kwa miaka mpaka likawa kama kaukau, na hapo hata jiwe dogo hulipasua. Badilisha lote. Na tafadhali usilikanyage kamwe, liwe zima au bovu, kwa sababu linamwachia mtu apite moja kwa moja hadi sakafuni.

Sola imeacha kuwasha taa au maji ya moto hayaji

Paneli nyingi zinazouzwa kwa kiwango cha kimataifa hupimwa kwa kupigwa na vidonge vya barafu vya milimita 25 kwa mwendo wa mita 23 kwa sekunde, kwa hiyo mawe ya kawaida huzishinda kwa nadra. Anza na mambo madogo: majani yaliyofunika kioo, waya uliochomoka, swichi iliyojizima. Kioo kikiwa kimesambaa nyufa kama chumvi iliyomwagwa, acha hapo. Paneli iliyovunjika bado inazalisha umeme kila jua likiwaka, na maji yakishaingia fremu yenyewe inaweza kukupiga. Usiiguse, usiimwagie maji. Zima swichi ya mfumo ukiwa ndani, umwite fundi wa sola. Mirija ya kioo ya kupasha maji kwa jua inapovunjika, funga koki ya maji yanayopanda, kisha ngoja ipoe.

Paa la kijivu la zamani limevunjika vipande

Nyumba za miaka ya nyuma, hasa za mashirika na shule, ziliezekwa kwa asbesto: mabati ya kijivu, mazito, yanayofanana na saruji, yenye mawimbi mapana. Mawe huyavunja kweli, na vumbi lake likivutwa hukaa kwenye mapafu maisha yote. Hapa hakuna uchunguzi mwepesi wala matengenezo ya nyumbani. Usifagie, usitoboe, usikate, usiwape watoto vipande wachezee. Vilowanishe vilivyoanguka, wazuie watu kupita, na uwasiliane na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, upate mkandarasi mwenye leseni ya kuviondoa.

Dari imeshuka tumbo

Maji yamekaa juu yake. Zima umeme wa nyumba nzima kwenye swichi kuu kabla ya lolote, hasa kama kuna taa karibu. Mkono wako ukiwa umelowa au sanduku la umeme likiwa limeingia maji, usiguse. Toka nje umwite fundi wa umeme. Ondoa watu na vyombo chini ya tumbo hilo. Jipsamu iliyolowa ni nzito na huanguka kwa mkupuo. Kama tumbo ni dogo na unaweza kusimama pembeni, toboa tundu moja dogo kwa bisibisi ndefu, ndoo ikiwa chini, maji yatoke polepole. Kama ni la chumba kizima, funga mlango uwaachie mafundi.

Usiwashe umeme tena kwa sababu tu sakafu imekauka. Waya hupita juu ya dari, na pamba au vumbi lililolowa huko hubaki na maji siku kadhaa. Wakati unangoja, simama mbali na nyumba utazame kofia ya paa, ule mstari wa juu kabisa. Inatakiwa iwe imenyooka. Ikiwa imepinda kama mgongo wa punda, au milango iliyokuwa inafunga vizuri jana leo inakwama, kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, zimesogea. Hapo hakuna kulala ndani mpaka mtu anayejua kenchi azikague moja moja.

Ukinipigia simu, niambie ukubwa wa mawe, aina ya paa na umri wake, maji yalitokea wapi na saa ngapi, na kama yalikoma mvua ilipokoma. Lami usininunulie kwanza.